Kijiji Kidogo, Kijumba Kidogo

Ndugu zangu waandishi chipukizi, leo nina ugomvi na neno moja. Neno lenyewe ni "-dogo" pamoja na ukoo wake wote: mdogo, kidogo, ndogo, wadogo, vidogo. Miswada ya hadithi fupi niliyokabidhiwa niisome kwa ajili ya ukurasa huu imetoka Same mjini, Hedaru, Makanya, Mwembe, Gonja, na mingine imeteremka kutoka Mamba, juu kabisa milimani. Karibu yote inaanza namna hii: katika kijiji kidogo, ndani ya kijumba kidogo, aliishi msichana mdogo na mama yake. Inafuata mvua kidogo, chakula kidogo, pesa kidogo na tumaini dogo. Mwishoni msichana anapanda basi kubwa kwenda Dar es Salaam, na hapo ndipo neno "kubwa" linapojitokeza kwa mara ya kwanza.

Mtaniambia: sasa tuseme nini, bwana, na kijiji chenyewe ni kidogo kweli? Sawa. Lakini hebu tulitazame hilo neno "kijiji". Ndani yake umo mji. Waliotutangulia waliuchukua mji, wakaupachika ki-, wakaona mzizi umebaki mfupi mno, wakauongezea -ji-. Kwa njia hiyo hiyo mto ukawa kijito, mti ukawa kijiti, na mtu, maskini, akawa kijitu. Kwa hiyo neno limeshapunguzwa kabla hujalishika. Kwa kijiji nitawasamehe, maana siku hizi kijiji ni ngazi ya serikali, kina mwenyekiti na mhuri, na vipo vikubwa na vidogo. Ila "kijumba kidogo" siwezi kukisamehe. Ukishasema kijumba umemaliza kazi, hilo "kidogo" linalofuata ni kama kumwambia msomaji kwamba humwamini.

Na hapo bado sijagusa kiini cha ugomvi wangu. Nyumba ya vyumba viwili ni nyumba ndogo kwa fundi anayehesabu matofali. Kwa mpita njia anayeidharau, au kuionea huruma (na mara nyingi hivyo viwili vinatembea pamoja), ni kijumba. Kwa mwenyewe aliyeijenga kwa jasho lake ni "kanyumba kangu", na anapolitamka hilo anatabasamu. Tofali halikuongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni mahali aliposimama msemaji. (Na ukiandika "nyumba ndogo" bila kuangalia, msomaji wa mjini atadhani baba ana hawara. Shauri yako.)

Basi mwandishi anayetumia "-dogo" kila mahali ameamua kusimama pale pale alipo fundi wa matofali, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata pale mhusika wake anapolia.

Chukua mswada mmoja wa Hedaru. Mtoto anafariki kwa homa. Mwandishi, kijana mwenye moyo, ameandika: "Kitoto kilifariki alfajiri." Nilijua anataka tusikitike, lakini sikusikitika, na nikajiuliza kwa nini. Jibu liko katika ki- mbili zilizofuatana. "Kitoto changu kimelala" kinywani mwa mama ni sauti ya kubembeleza, kila mtu anaisikia. Kinywani mwa msimulizi asiye na jina, aliyesimama mbali kama mwandishi wa habari, "kitoto kilifariki" ni habari ya ukurasa wa tano. Angeandika "mtoto alifariki alfajiri", huyo mtoto angekuwa mtu kama mimi na wewe. Upatanisho wa kisarufi ambao tulichapwa viboko kuukariri unaamua nani ni mtu na nani ni kitu. Kijana amekuja, kipofu amekuja, hao wanabaki watu ijapokuwa wana ki- kichwani. Lakini "kijitu kimekuja", aa, hapo mgeni ameshatukanwa kabla hajakaribishwa kiti.

Vitabu vya sarufi, tangu kile cha Ashton cha 1944, vinatufundisha kwamba ki- ni ya udogo na pia ya dharau. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Angalieni vitu ambavyo Kiswahili kimevipunguza halafu vikageuka kuwa vikali zaidi kuliko vikubwa vyake. Jicho ni jicho tu, lakini kijicho ni husuda. Jembe linalima, ila kijembe, hasa kikirushwa ukumbini wakati taarabu imekolea, kinachoma mpaka mtu anaondoka bila kuaga. Mwiba unauchomoa ukaendelea na safari, lakini kijiba cha roho unaweza kuzikwa nacho. Kwangu mimi hii ni hazina. Waliotuachia lugha walijua kwamba kinachotuua taratibu hakina mwili mkubwa. Na katika miswada yote niliyosoma, yenye mashemeji wanaogombana na mabinti wanaoporwa wachumba, sikukuta kijicho hata mara moja. Nilikuta "wivu mdogo".

Hata milima yetu tunaishi nayo katika mkanganyiko huo huo. Shengena, kilele cha juu kuliko vyote vya Upare, kina zaidi ya mita 2,400, nasi tunauita mlima bila wasiwasi. Jirani yetu mwenye mita 5,895 anaitwa Kilimanjaro. Asili ya jina hilo inagombaniwa mpaka leo na mimi sitaki kesi na Wachagga, lakini sikio la Mswahili likisikia "kilima" linasikia mlima uliopunguzwa. Kama kuna mtu anadhani udogo wa maneno unafuata futi kamba, na akapime pale.

Sasa tuje kwenye ka-. Hapa kuna kasheshe.

Mswada ninaoupenda kuliko yote unatoka Mwembe. Mjane na mwanawe wa kiume wana shamba bondeni. Mdogo wake marehemu, yaani baba mdogo wa kijana, analitaka. Mswada ulipitia kwanza kwa mwalimu wa Kiswahili, ambaye simtaji, na mwalimu amesahihisha kwa kalamu nyekundu. Chini ya kalamu bado nimeweza kusoma maneno ya mwanzo. Mama anasema: "Mwanangu, tuna kashamba ketu kule bondeni." Mwalimu amekata, akaandika: "tuna shamba letu dogo". Kurasa mbili mbele baba mdogo anafika, anapewa shikamoo na kijana, anakunywa chai, kisha anasema: "Sasa shemeji, haka kashamba kenu kana nini hasa cha kugombania?" Mwalimu amekata tena: "shamba lenu hili dogo lina nini".

Jamani! Mchezo wote ulikuwa pale. Ka- ya mama ni ya kufunika. Mtu mwenye kitu anachokipenda halitangazi jina lake kwa sauti, analipunguza ili jicho baya lisikione. Mle ndani mna unyenyekevu, mna mapenzi, na mna ujanja pia, kwa sababu mjane anajua kuna masikio ukutani. Baba mdogo anakuja, anaichukua ka- ile ile ya mama, anaigeuza kuwa panga. Kama ni kashamba, basi hakana maana, na kama hakana maana, nipeni. Silabi moja, watu wawili, vita moja. Mwandishi, sijui kwa kusudi au kwa sikio tu, alilipata jambo ambalo wengi wetu tunalitafuta miaka. Kisha kalamu nyekundu ikaja ikawapa wote wawili "shamba dogo", lugha ya fomu ya upimaji. Hata ile kejeli ya cheo ikapungua nguvu: huyu anayeitwa baba "mdogo" ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote nyumbani, maana "mdogo" wa ukoo ni wa kuzaliwa nyuma na hauna habari na umbo wala mfuko.

Namwelewa mwalimu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, msingi wa usanifu ulikuwa Kiunguja, na Kiunguja kinapunguza kwa ki-. Ka- na wingi wake tu- (katoto, tutoto) ni mali ya lugha nyingi za bara, kuanzia Kikikuyu na Kikamba hadi Kisukuma na Kihaya, na imeingia katika Kiswahili chetu kwa mlango wa nyuma. Mtihani hauitaki. Lakini simama kituo cha mabasi Same saa nne asubuhi. Mji huu umekaa njiani, una barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, una reli, una kumbukumbu za mashamba ya mkonge yaliyoleta vibarua kutoka pande zote za nchi. Utasikia kagari, kademu, kaji-dingi, kashida, "nina kaharaka kidogo". Mwandishi anayetaka wahusika wake wawe hai hawezi kuwaziba midomo. Nasema wazi: katika mazungumzo ya wahusika, ka- iachwe. Katika simulizi, mwandishi aamue mwenyewe, ila ajue anachofanya.

Tena asidhani ka- siku zote ni ya kubembeleza. Vukeni mpaka wa magharibi muone. Katika Kiswahili cha Kongo ka- ni sarufi ya kawaida kabisa, haina kosa wala mzaha. Katika vita ya 1996 na 1997 iliyomfikisha Laurent-Désiré Kabila Kinshasa, watoto waliobebeshwa bunduki katika jeshi lake waliitwa kadogo. Neno ambalo shangazi angemwita mtoto ili ampe andazi lilibandikwa juu ya mtoto mwenye bunduki begani. Kila ninapolisoma jina hilo ngozi inanisisimka, na najua lingekuwa neno lingine, "askari watoto" kwa mfano, ningesoma nikapita.

Turudi Mwembe. Hadithi inaendelea: mjane anakwenda barazani. Hapa msomaji wa Dar atacheka, kwa sababu nchi nzima inajua ule utani kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani ni utani, tumeuzoea na tunaurudisha. Lakini kama mhakiki nauliza: nani alisema kesi ile ni ya kuku? Kuku ni kidogo kwa anayeangalia bei sokoni. Kwa mwenye kuku, aliyechukuliwa bila kuombwa, kitu kilichochukuliwa si kuku. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani wakajaa Same kuikataa kodi ya mbiru, iliyotaka kila mtu akadiriwe mali yake kisha atozwe kwa kadiri hiyo. Palikuwa na zaidi ya shilingi na senti katika mkusanyiko ule. Palikuwa na swali la nani ana haki ya kuingia nyumbani kwa mwenzake na kusema huyu ni mkubwa, huyu ni mdogo. Mwisho kodi ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo aliliandikia jambo hilo kitabu kidogo (hapa nalitumia neno bila aibu, ni kidogo kweli) kilichotoka mwaka 1971, na kijana yeyote wa Same anayetaka kuandika riwaya akitafute kabla hajanunua kalamu.

Huko barazani mjane anaambiwa atoe "kitu kidogo". Mwandishi amelipitisha neno hili bila kulitazama, nami nataka alitazame. Hakuna udogo wenye hila kama huu. Anayeomba hasemi fedha, hasemi rushwa, hasemi kiasi. Anasema kitu, tena kidogo, ili ukikataa uonekane wewe ndiye mchoyo. Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 1996 ilizungumzia rushwa ndogo na rushwa kubwa, na kwa watunga sheria mgawanyo huo una kazi yake. Kwa mjane aliyeuza kuku wote ili apewe tarehe ya kusikilizwa, kikubwa ni kipi? Kenya walikwenda mbali, Eric Wainaina akaliimbia nchi nzima mwaka 2001, "Nchi ya Kitu Kidogo". Wimbo ule ulishika kwa sababu aliliweka nchi na kidogo kwenye kitanda kimoja. Hicho ndicho ninachowaomba.

Kuna udogo mwingine wa ofisini ambao umeingia kwenye hadithi zetu na viatu vyake vya tope. Mkulima mdogo, mchimbaji mdogo, mfanyabiashara mdogo. Mwaka 2018 serikali ya Rais Magufuli ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na wengi walivipokea kwa furaha maana viliwaokoa na mgambo. Sina neno na kitambulisho. Nina neno na mwandishi anayemwita mhusika wake "mkulima mdogo" ndani ya hadithi. Mzee wa Mamba anayelima tangawizi ana wajukuu, ni mzee wa kanisa, vijana wanamwamkia tangu mbali. Kilicho kidogo ni shamba. Lugha ya ripoti imeuchukua udogo shambani ikamvika mwenye shamba, nasi tumenakili kama tulivyo. Watu wenye ulemavu walipigana na jambo la aina hii hadi sheria ya 2010 ikawataja kwanza kama watu, ingawa viziwi, kwa hiari yao, wanaendelea na ki- yao katika CHAVITA na hawaombi radhi. Anayejiita na anayeitwa si sawa. Muulize kijana yeyote wa bongofleva anayejiita Dogo jukwaani. Analibeba neno kama ngao. Mwite wewe "we dogo" ukiwa mlangoni ukumbini, uone.

Nimesema mengi juu ya viambishi, na kuna maneno mengine yamelala ghalani yakiliwa na mchwa. "Mvua kidogo", mnaandika. Upande wa tambarare wa Same, kivulini mwa milima, hilo neno halitoshi hata siku moja. Mvua chache ni zile unazoweza kuzihesabu kwa vidole. Mvua haba ni ile isiyotosha, hata kama ilinyesha mara kumi, mahindi hayakubeba. Manyunyu yanalaza vumbi tu. Haba ina lawama ndani yake, chache haina, ni hesabu. Hafifu inaweza kuwa nyingi ila haina nguvu. Nafasi finyu inabana mbavu. Duni imekwishahukumu. Changa ina matumaini, kwa sababu kilicho kichanga kitakua, na ndiyo maana sisi ni waandishi chipukizi na hatuitwi waandishi haba. (Wapo wanaostahili, lakini tuyaache.)

Mmoja wenu ametafsiri ndiva kuwa "kibwawa kidogo cha maji". Kwa macho ya mgeni, labda. Lakini ndiva iko pale kwa sababu kijito hakina nguvu ya kufika mashambani peke yake. Usiku kucha maji yanakusanywa, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, na ukuta ukibomoka watu wanaitwa msaragambo. Yaani ni chombo cha kuushinda udogo. Acha ndiva iitwe ndiva, msomaji wa Mtwara atajifunza kama sisi tulivyojifunza ngalawa.

Mswada wa mwisho nitakaoutaja umetoka Gonja, umeandikwa na binti, na "-dogo" nimeitafuta sikuiona. Njaa imo nyumbani, lakini hakuna "chakula kidogo". Kuna konzi mbili za chenga za mchele zilizoletwa na jirani anayevuna Ndungu. Kuna kibatari kilichobakiwa na tone la mafuta, na mama anayekizima mapema ili kesho kiwepo cha kusomea. Kuna mtoto asiyepata hata lepe la usingizi. Kuna tonge moja linalokatwa mara tatu, na anayelikata anajipa kipande cha mwisho. Hakuna anayeonewa huruma kwa sauti. Tumekubaliana tuuchapishe katika toleo lijalo.

Nina shaka na neno moja tu, ukurasa wa nne, pale mama anapomwambia jirani, "Zilikuwa kiduchu lakini zilitufaa." Kiduchu ni neno la mzaha, la mtu aliyeshiba anayeonyesha kwa ncha ya kidole. Mama yule hakuwa na mzaha siku ile. Nimemwandikia mwandishi kumuuliza kama kweli mama angelitamka, au kama jirani ndiye angelisema kwa kujishusha: "Mama, nimekuletea tuchenga kiduchu, usinicheke." Akiniambia nimekosea kusikia, litabaki kama lilivyo.